Picha ya Jana Kando ya Picha ya Leo: Kunufaika Zaidi na Programu za Kuhifadhi Picha za Tiba

Mama mwenye umri wa miaka 58, mkazi wa Mbande katika kata ya Chamazi, alifika kituo cha afya mwaka 2024 akiwa na kikohozi cha wiki tano na mwili uliokonda. Mwaka 2019 aliugua kifua kikuu, akatibiwa, akamaliza dawa za miezi sita. Safari hii makohozi yake hayakuonyesha vimelea, lakini picha ya eksirei ilionyesha kivuli katika sehemu ya juu ya pafu la kulia. Tabibu aliyekuwa zamu alibaki na maswali matatu: je, ni kifua kikuu kilichorudi, ni kovu la ugonjwa wa zamani, au ni saratani? Kila jibu lina njia yake, na njia mbili kati ya hizo ni ndefu, zina gharama na zina maumivu.

Picha ya mwaka 2019 ingetosha kulipunguza swali hilo kwa sehemu kubwa. Mama alieleza kwamba filamu aliitunza chini ya godoro ndani ya bahasha ya kaki, masika yakaingia ndani, filamu ikashikana na karatasi. Kompyuta ya chumba cha eksirei, yenye picha zote za tangu mwaka 2018, ilipoulizwa ilijibu kwamba hakuna mgonjwa mwenye jina hilo.

Mfano huu haumhusu mtu mmoja wala kituo kimoja. Umeundwa kutokana na mambo yanayojulikana na yeyote aliyefanya kazi katika chumba cha picha. Picha ya mama ilikuwamo. Mwaka 2019 jina lake liliandikwa kwa herufi moja zaidi.

Programu ya kuhifadhi picha katika vituo vingi hutumiwa kama kabati: picha huingizwa, mlango hufungwa, na anayezitaka tena hutegemea kumbukumbu ya mtu aliyeziingiza. Ilhali thamani kubwa ya programu hiyo si kuhifadhi. Thamani yake ni kuirudisha picha ya jana ili ikae kando ya picha ya leo, kwa sababu daktari asomaye kivuli bila historia yake anasoma nusu ya habari. Uwezo huo haununuliwi upya. Mara nyingi umo tayari ndani ya programu iliyopo, na unachohitaji ni mazoea machache ya kazi.

Yaliyomo ndani ya faili moja

Picha ya tiba ni tofauti na picha ya harusi. Mashine za eksirei za kidijitali, utrasaundi, sitiskani na eimarai huandika mafaili kwa utaratibu uitwao DICOM. Utaratibu huo ulitokana na ushirikiano wa chama cha wanaradiolojia wa Marekani na chama cha watengenezaji wa vifaa vya umeme wa nchi hiyo. Toleo lao la kwanza lilitoka mwaka 1985, na jina la DICOM likaanza kutumika mwaka 1993. Kabla ya hapo kila kampuni ilikuwa na lugha yake, na picha ya mashine moja haikufunguka katika kompyuta ya mashine nyingine.

Faili la DICOM lina sehemu mbili zilizoshonwa pamoja. Ya kwanza ni maelezo: jina la mgonjwa, namba yake, tarehe ya kuzaliwa, jinsia, tarehe na saa ya kipimo, aina ya mashine, upande wa mwili. Ya pili ni picha yenyewe. Maelezo hayo hayaonekani kwa kuangalia jina la faili kwenye folda, ambalo kwa kawaida ni mfuatano wa tarakimu usio na maana kwa binadamu. Ndiyo maana mtu anayefungua folda na kubadilisha majina ya mafaili kwa mkono hajapanga chochote: programu haisomi jina la nje, inasoma maelezo ya ndani.

Maelezo hayo hupangwa kwa ngazi nne: mgonjwa, kipimo, mfululizo, na picha moja moja. Sitiskani moja ya kifua ni kipimo kimoja chenye mifululizo kadhaa, na mfululizo mmoja unaweza kuwa na mamia ya picha. Mpangilio huu ukieleweka, makosa mengi hupungua. Anayenakili picha tatu tu «zilizo nzuri» kutoka kipimo cha picha 400 amempelekea daktari bingwa kurasa tatu za kitabu.

Sehemu ya picha nayo ina utajiri unaopotea kirahisi. Picha ya kawaida ya JPEG hubeba ngazi 256 za weusi na weupe. Picha ya eksirei ya kidijitali hubeba ngazi nyingi zaidi, mara nyingi 4,096. Jicho halioni zote kwa pamoja, kwa hiyo programu hutoa kitu kiitwacho dirisha: mtumiaji huburuta kipanya, na ngazi zinazoonekana husogea kutoka kwenye mfupa kwenda kwenye pafu, au kutoka pafu kwenda moyoni. Katika sitiskani, ambamo maji hupewa thamani ya 0 na hewa thamani ya kama 1,000 chini ya sifuri, dirisha la mapafu na dirisha la misuli huonyesha viungo tofauti kutoka faili lilelile. Faili la DICOM likigeuzwa kuwa JPEG, dirisha hufungwa mahali lilipokuwa wakati huo na haliwezi kufunguliwa tena.

Tatizo la jina

Hapa ndipo picha nyingi zinapopotelea, na panastahili kukaliwa kwa muda.

Majina ya pwani yana tahajia nyingi. Hamisi, Hamis na Khamis. Zainabu na Zainab. Saidi na Said. Karani wa mapokezi huandika alivyosikia, mteknolojia wa mionzi huandika alivyozoea, na kadi ya bima ina tahajia ya tatu. Binadamu husikia jina moja katika yote hayo. Kompyuta haisikii, inahesabu herufi, na kwayo hao ni wagonjwa watatu.

Ugumu wa pili ni mpangilio wa majina. Mashine zilitengenezwa kwa watu wenye jina la ukoo, na huliuliza hilo kwanza. Mtanzania wa kawaida ana jina lake, la baba na la babu. Mteknolojia mmoja huliweka la babu katika nafasi ya ukoo, mwingine la baba, wa tatu huyaandika yote matatu katika kisanduku cha kwanza kwa sababu foleni ni ndefu. Mwanamke aliyeolewa anaweza kuja mara moja kwa jina la baba na mara nyingine kwa jina la mume. Mtoto mchanga huandikishwa kama «mtoto wa» fulani, na miezi mitatu baadaye ana jina lake mwenyewe, huku picha ya kichwa chake iliyopigwa siku ya tatu ya maisha ikibaki kwa mtu ambaye hayupo tena kwenye vitabu.

Tarehe ya kuzaliwa haiokoi sana. Wazee wengi wanaujua mwaka, au wanaujua kwa kukadiria, na karani hujaza tarehe 1 Januari. Kituo chenye wagonjwa wa namna hiyo kwa mamia kina watu wengi waliozaliwa siku moja.

Kinachomtambulisha mgonjwa ni namba, na namba iliyo bora ni ile ya faili la kituo, itolewayo mara moja na isiyobadilika. Namba ya simu haifai: hubadilishwa, na nyumba nzima huweza kutumia simu moja. Namba ya kitambulisho cha taifa inafaa kama ya pili, lakini watoto wengi na baadhi ya watu wazima hawana. Namba ya faili ikiingizwa kwenye mashine kila mara, katika kisanduku cha namba ya mgonjwa na si pengine, jina linaweza kuandikwa vyovyote na picha bado zikakutana. Mahali ambapo mfumo wa usajili umeunganishwa na mashine, iko orodha ya kazi inayoleta jina na namba moja kwa moja kutoka mapokezi. Mteknolojia huchagua, haandiki. Orodha hiyo huwa imezimwa katika mashine nyingi kwa sababu tu hakuna aliyemwomba fundi aiwashe siku ya kufungwa kwake. Hilo ni jambo la kuuliza wiki hii.

Kituo kisicho na muunganisho huo kinaweza kubandika karatasi moja juu ya meza: namba kwanza, kisha jina la mwenyewe, la baba, la babu, kwa tahajia ya kadi aliyokuja nayo mgonjwa. Kanuni duni inayofuatwa na wote ina faida kuliko kanuni nzuri ya mtu mmoja aliye likizo.

Programu karibu zote zina amri ya kuunganisha kumbukumbu mbili za mgonjwa mmoja. Amri hiyo itumike kwa uangalifu mkubwa. Kumbukumbu mbili za mtu mmoja zilizotengana huleta usumbufu. Watu wawili waliounganishwa kimakosa huleta upasuaji kwa asiyehusika. Jina na mwaka wa kuzaliwa kufanana hakutoshi. Pawepo na kitu cha tatu: namba, anwani katika rejesta, au alama ya mwili inayoonekana katika picha zote mbili, kama vile mfupa uliowahi kuvunjika.

Saa ya mashine nayo iangaliwe. Betri ndogo ya ndani ikichoka, kila umeme unapokatika tarehe hurudi mwanzo, na picha za Agosti huandikwa Januari ya mwaka wa zamani. Mgonjwa huonekana kupona kabla ya kuugua.

Kutafuta na kulinganisha

Kisanduku cha kutafutia ndicho chombo kinachodharauliwa kuliko vyote. Wengi huandika jina zima, hupata kapa, huacha. Programu nyingi zinazofuata DICOM hukubali alama ya kinyota kusimama mahali pa herufi zozote, na alama ya kuuliza mahali pa herufi moja. «*hamis*» itawaleta Hamisi, Hamis na Khamis kwa pamoja. Kipindi kikiongezwa, kwa mfano Machi hadi Juni 2019, pamoja na aina ya kipimo, orodha ya watu mia nne hushuka kuwa watano. Mgonjwa asipokumbuka tarehe, hukumbuka msimu: ilikuwa kabla ya mfungo, ilikuwa baada ya mtoto kufanya mtihani wa darasa la saba. Swali hilo la kibinadamu hufanya kazi kuliko vitufe.

Zipo programu za bure kwa wasio na fedha za leseni. Orthanc, seva ndogo ya picha za DICOM iliyoanzishwa na Sébastien Jodogne katika hospitali ya chuo kikuu ya Liège nchini Ubelgiji, ilitolewa kwa umma mwaka 2012 na huweza kuendeshwa katika kompyuta ya kawaida. Weasis, kutoka hospitali za chuo kikuu za Geneva, hufungua picha na kuzipanga kwa kulinganisha. Ubora wa programu hata hivyo hauzidi ubora wa maelezo yaliyoingizwa.

Picha mbili zikipatikana, zifunguliwe kwenye kioo kimoja kwa kugawanywa sehemu mbili, kwa ukubwa ule ule na dirisha linalofanana. Kulinganisha kwa kufungua moja, kuifunga na kufungua nyingine ni kutegemea kumbukumbu ya jicho, ambayo ni dhaifu. Rula ya programu itumike kwa tahadhari katika eksirei, kwa kuwa kitu kilicho mbali na kipokezi hukuzwa, na vipimo vya milimita mbili tatu za tofauti visichukuliwe kuwa ukuaji. Katika sitiskani rula ni ya kuaminika zaidi.

Jambo moja la kitabibu liongezwe hapa, kwa kuwa ndilo linaloifanya kazi yote hii kuwa na maana. Kovu la kifua kikuu hukaa. Doa gumu la pafu ambalo halikubadilika kwa miaka miwili au zaidi kwa kawaida si saratani. Hakuna mashine ya leo inayoweza kutoa ushahidi huo wa muda. Unatolewa na picha ya zamani peke yake.

Picha zinazopita kwenye simu

Rufaa nyingi kutoka pembezoni mwa Dar es Salaam huanza kwa picha ya simu. Filamu huinuliwa dirishani, hupigwa picha, hutumwa kwa WhatsApp kwa mwenzake aliye hospitali kubwa. Utaratibu huo umeokoa watu na haufai kubezwa. Una mitego mitatu.

Mtego wa kwanza ni upande. Filamu ikigeuzwa, moyo huelekea kulia, na asiyeona herufi ya alama ya upande anaweza kuelekeza mrija wa kifuani kwenye pafu zima. Picha ya simu ionyeshe filamu yote, pamoja na alama ya upande, jina na tarehe, bila kukatwa pembeni. Mmweko wa kamera uzimwe, na vichujio vya kung'arisha sura pia.

Mtego wa pili ni ubora. WhatsApp, kwa njia yake ya kawaida ya kutuma picha, hulipunguza faili. Faili likitumwa kama hati hufika kama lilivyo. Ikiwa picha ni ya kidijitali tangu mwanzo, kupiga picha kioo cha kompyuta ni kulipoteza dirisha lililoelezwa hapo juu. Heri kutoa faili lenyewe. Eksirei ya kifua kwa kawaida si zaidi ya megabaiti 30. Sitiskani ni nzito: kila picha ya nukta 512 kwa 512 huchukua takriban nusu megabaiti, na picha 400 hufikia megabaiti 200. Hiyo ni kazi ya diski au flashi, si ya bando la siku.

Mtego wa tatu ni faragha, na ndio usiosemwa. Picha iliyopokelewa hujihifadhi yenyewe kwenye simu, katikati ya picha za ubatizo na za mechi ya Azam Complex, na huweza kunakiliwa kwenda akaunti ya intaneti bila mwenye simu kujua. Picha ya kidonda iliyopigwa nyumbani kwa mgonjwa huweza kubeba ndani yake mahali halisi pa nyumba hiyo kama kamera imeruhusiwa kuandika mahali. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, huzihesabu taarifa za afya miongoni mwa taarifa nyeti. Mtoa huduma anaweza kuzima uhifadhi wa moja kwa moja katika mipangilio ya WhatsApp, kuzima uandishi wa mahali katika kamera, na kufuta picha baada ya kuihamishia kwenye faili la mgonjwa. Programu za DICOM zina amri ya kuondoa utambulisho kwa ajili ya mafunzo, lakini katika utrasaundi jina mara nyingi limechorwa juu ya picha yenyewe, na amri hiyo hailifuti. Lazima lifunikwe kwa mkono.

Kuhusu nakala rudufu, machache yanatosha. Diski moja ndani ya kompyuta moja si hifadhi. Nakala ya pili iwe kwenye diski ya nje, ya tatu iwe jengo jingine, na mara moja kwa miezi michache mtu afungue kweli picha kutoka katika nakala hizo. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa ni tumaini tu.

Mgonjwa naye ana sehemu yake, na haihitaji kompyuta. Ana haki ya kuomba picha zake, si ripoti peke yake. Aombe ziwekwe kwenye diski au flashi, na aandike kwenye daftari lake la kliniki namba ya faili, tarehe na jina la kituo. Kwa mama anayeishi Chamazi, anayeweza kupimwa leo jirani na nyumbani, kesho Mbagala Rangi Tatu, na mwezi ujao Temeke au Muhimbili, mstari huo mmoja wa daftari ndio uzi unaoziunganisha kompyuta ambazo hazizungumzi zenyewe kwa zenyewe. Filamu za zamani zitunzwe zikiwa zimesimama wima mahali pakavu, mbali na bati na sakafu, maana joto na unyevu wa pwani huzishikanisha.

Mteknolojia aliyempokea mama wa Mbande hakukubali jibu la kwanza la kompyuta. Aliacha kuandika jina zima; aliandika herufi tatu za mwanzo na kinyota, akachagua wanawake, akachagua miezi ya mwanzo ya mwaka 2019. Majina sita yakaja. Mmoja alikuwa na mwaka ule ule wa kuzaliwa, na rejesta ya karatasi ya mwaka huo ilimtaja kuwa mkazi wa Mbande mwenye namba ile ile ya faili iliyokuwa kwenye kadi yake chakavu.

Picha mbili zilikaa kando kwa kando. Kivuli cha juu kulia kilikuwa kile kile, kwa umbo na kwa ukubwa: kovu. Tabibu alikuwa karibu kufunga. Lakini kwa kuwa picha zilikuwa wazi zote mbili, jicho liliendelea kushuka, na chini kushoto, nyuma ya kivuli cha moyo, palikuwa na doa la mviringo, dogo kuliko sentimita moja na nusu, ambalo katika picha ya mwaka 2019 halikuwapo. Siku nzima hakuna aliyeliona, kwa sababu kovu la upande wa pili ndilo lililovuta macho ya wote. Barua ya rufaa kwa ajili ya sitiskani iliandikwa asubuhi iliyofuata, na ndani ya bahasha iliwekwa diski yenye picha zote mbili, namba ya faili ikiwa imeandikwa juu yake kwa kalamu isiyofutika.